Kompyuta Iliyomkataa Stefan

Lovisa aliendesha basi la shule kwa miaka ishirini na tisa katika barabara za mashambani za Arborg, kule jimboni Manitoba, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyechelewa darasani kwa kosa la basi lake. Kwa kosa la theluji, wapo. Kwa kosa la ng'ombe wa watu waliolala katikati ya barabara, wapo pia. Lakini kwa kosa la basi, hata mmoja, na ukimpa nafasi atakueleza hayo kabla hujamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa. Alikuwa na daftari aliloandikia kila mlio, kila moshi, na kila asubuhi ambayo injini ilisita kuwaka, pamoja na kipimo cha baridi cha siku hiyo. Mafundi wa gereji walimwogopa. Mashine haifi bure, aliwaambia, na anayesema imekufa bure ni mtu aliyechoka kutafuta.

Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani, kwa sababu mbele ya jambo lililompata baadaye wengine wetu tungelisalimu amri siku ya pili.

Kaka yake, Stefan, alimzidi miaka mitano. Hakuoa. Alifuga ng'ombe wa nyama kilomita kumi na nane kutoka mjini, na kazi yake ya pili ilikuwa kusema. Akiingia mkahawani watu walisogeza viti. Alimtania mchungaji, akawatania wafiwa, na wafiwa wakacheka. Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Akasema ni mafua. Mwaka mzima, mafua! Mficha maradhi kifo humuumbua, ila Stefan alibahatika, daktari alimuumbua kwanza: ilikuwa saratani ya koo, na njia ilikuwa moja tu, kuondoa zoloto lote, kile kiungo cha sauti kilichomo kooni. Operesheni ikapangwa tarehe ishirini na mbili Januari, jijini Winnipeg. Walimwambia kwamba baada ya siku hiyo angeishi, lakini asingesema tena.

Mtaalamu wa usemi wa hospitali, binti mmoja mpole, akawapa tumaini moja. Stefan asome sentensi kwenye kipaza sauti, zisipungue elfu moja na mia mbili, na kutokana nazo itaundwa sauti inayofanana na yake. Yeye ataandika kwa kidole kwenye kifaa, nacho kitasema. Sharti ni chumba kimoja, kipaza sauti kimoja na kompyuta moja, tangu sentensi ya kwanza hadi ya mwisho. Ukibadilisha chochote katikati, unaanza upya.

Lovisa alikuwa na kompyuta ya mezani yenye miaka kumi na mitatu, katika chumba cha nyuma kilichokuwa ofisi ya marehemu mumewe, Bergur. Chumba kilikuwa kimya, chenye zulia nene. Wakaanza Novemba.

"'Shangazi yake aliuza kinanda kwa daktari wa meno,'" Stefan alisoma, kisha akageuka. "Sasa hii itanisaidia nini? Nitaingia dukani nimwambie nani habari za kinanda?"

"Soma, kaka. Unaipoteza sauti kwa porojo."

"Porojo ndiyo sauti yenyewe, wewe. Wao wanataka kinanda."

Lakini alisoma. Hamsini, sitini kwa siku, akipumzika katikati kwa kahawa na kipande cha vinaterta, keki ya matabaka yenye jamu ya plamu ambayo Lovisa huikata nyembamba kwa kila mtu na nene kwa kaka yake. Kufikia Krismasi walikuwa na mia saba. Lovisa akaanza kulala vizuri.

Tarehe tatu Januari, Stefan akiwa katika sentensi ya thelathini na nane ya siku hiyo, picha kwenye skrini ikasimama. Kishale hakikusogea. Feni ikavuma, kisha kompyuta ikajizima yenyewe na kuwaka upya kama haijui kilichotokea. Programu ile ilihifadhi kazi mwisho wa kikao tu, kwa hiyo zote thelathini na nane zikapotea.

"Imechoka na kinanda," Stefan alisema.

Siku ya pili ikarudia. Siku ya tatu ikasimama mara mbili. Stefan aliondoka akiwa amekauka koo bila sentensi hata moja ya kuonyesha, na Lovisa akafungua daftari jipya.

Alianza na lililo rahisi. Akafungua ubavu wa kompyuta akakuta vumbi na manyoya ya paka aliyekufa miaka minne iliyopita. Akalipuliza kwa pampu ya baiskeli, akasafisha feni kwa brashi ya rangi. Akafuta ile grisi kavu iliyo juu ya prosesa, akapaka mpya. Akachomoa kadi mbili za memori, akasugua meno ya kadi hizo kwa kifutio cha penseli, akazirudisha, kisha akazijaribu moja moja, kila kadi kutwa nzima. Akaikagua diski. Akafuata kanuni yake ya gereji: badilisha kitu kimoja tu, kisha ngoja. Ukibadilisha viwili gari likapona, hujui nani mganga.

Tatizo ni kwamba mgonjwa hakuumwa mbele ya daktari. Stefan akiwa kwao, kompyuta ilifanya kazi asubuhi hadi jioni bila kukohoa. Lovisa alirekodi sauti yake mwenyewe saa tatu mfululizo, kwa makusudi, akisoma orodha yote ya viungo nyuma ya pakiti ya supu. Hakuna kilichoganda. Akija Stefan, akivua kofia, akikaa, akisoma nusu saa, inaganda.

Akampigia simu Gisli, fundi wa kompyuta pale mjini. Akaja na pawasaplai nyingine, kile kisanduku cha kuilisha kompyuta umeme, akaifunga, akanywa kahawa, akaondoka akijisifu. Kesho yake Stefan alisoma sentensi ishirini na mbili, ikazima.

"Mama, mimi nakwambia ukweli," Gisli alisema kwenye simu. "Hilo ni zee. Nunua jipya, uishi kwa amani."

"Mimi pia ni mzee, Gisli. Utanunua mwingine badala yangu?"

"Basi shida ni huyo kaka yako. Labda ana umeme mwilini, zile sweta zake za sufu. Mguse uone kama hatakurusha."

Gisli alitania, lakini Lovisa alikuwa amefikia mahali pa kujaribu hata utani. Kesho yake akamvua kaka yake sweta mlangoni. Akamkalisha na fulana, soksi akavua, mguu mmoja ukiegemezwa kwenye bomba la chuma la kupashia nyumba joto, ili umeme ushuke ardhini.

"Baba angeniona," Stefan alisema akijitazama. "Angesema, mwanangu amekuwa kuku aliyenyonyolewa."

"Funga mdomo."

"Mara nisome, mara nifunge. Amua."

Siku hiyo kompyuta haikuganda. Alisoma sitini, zikahifadhiwa, Lovisa akampiga kaka yake begani kwa furaha hadi akakohoa. Siku iliyofuata, fulana ileile, miguu ileile mitupu, iliganda kwenye ya kumi na saba.

Tarehe kumi na tatu iliganda mara tatu. Mara ya tatu Stefan hakutania. Alivaa sweta taratibu, akakaa akiitazama ile skrini nyeusi.

"Tuache, mdogo wangu," alisema. Sauti ilikuwa imebaki robo. "Nimesema miaka sabini na nne. Imetosha. Wengine hawajapata hata nusu yake."

"Hatuachi."

"Mashine yenyewe imeshanichoka."

"Aliyechoka ni wewe, usiisingizie mashine!"

Alimfokea kaka yake mgonjwa. Hakumwambia kilichokuwa kikimsumbua, lakini mimi nitakwambia. Bergur alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita. Lovisa alikumbuka viatu vyake, harufu ya kofia yake, hata namna alivyokata mkate. Sauti yake hakuikumbuka. Aligundua hivyo jioni moja ya Desemba akiosha vyombo: alijaribu kumsikia akisema jina lake, akakuta kimya. Mume wa ndoa ya miaka thelathini na moja! Aliona aibu kama mtu aliyepoteza pete ya ndoa kwa uzembe. Na sasa alikuwa akielekea kumpoteza wa pili, na huyu angekuwa bado yu hai, ameketi mbele yake akinywa kahawa.

"Kaa hapo," akamwambia. "Kunywa maji. Nipe dakika kumi."

Akachukua daftari. Akavaa miwani. Mistari kumi na moja, kila mmoja na tarehe, saa, aliyekuwepo, kilichobadilishwa, na baridi ya nje. Hili la mwisho hakuna aliyemwambia aliandike. Mkono wa dereva uliandika wenyewe. Akapiga mstari chini ya siku mbaya. Nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri. Thelathini na moja. Ishirini na saba. Kisha siku njema, ikiwamo ile ya fulana: nyuzi nane chini ya sifuri, kumi na moja, tisa. Akazizungushia duara.

Lakini ndani ya nyumba joto lilikuwa lilelile siku zote. Na Jumapili iliyopita, nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri, kompyuta ilifanya kazi kutwa. Siku hiyo Stefan hakuja. Kwa hiyo si baridi peke yake, na si Stefan peke yake. Ni Stefan pamoja na baridi.

"Kaka," aliuliza bila kuinua kichwa, "siku za baridi kali unakuja na kitu gani ambacho siku nyingine huji nacho?"

"Makamasi."

"Sitanii."

"Nakuja na gari lilelile, koti lilelile, uso uleule. Nachomeka gari, naingia, unanivua nguo."

Lovisa akainua kichwa.

Kule kwao gari halisimami nje wakati wa baridi bila kuchomekwa. Injini ina hita yake, na waya yake inaning'inia mbele ya gari kama ulimi wa mbwa. Mgeni akifika huichomeka kwenye soketi ya ukutani nje, la sivyo baada ya saa mbili injini haitaki tena kusikia habari zako. Kumnyima mgeni soketi ni kama kumnyima maji. Kwa Lovisa ilikuwa sheria hasa. Hata mchungaji alishawahi kurudishwa nje na kahawa yake mkononi kwenda kuchomeka. Gari lake mwenyewe lililala gereji yenye joto, kwa hiyo soketi ile ya nje ilikuwa ya wageni tu. Na waya ya Stefan ilikuwa na kidude kinachohisi baridi: hewa ikiwa ya kuvumilika hakipitishi umeme, ikizidi kinapitisha chenyewe. Kilitoka chini ya boneti kikiwa bado na joto la safari, kikapoa taratibu, na mahali fulani kati ya sentensi ya kumi na saba na ya arobaini kikajiwasha. Kabla ya Krismasi baridi haikuwa imefika hapo.

Akaenda stoo akarudi na taa ya zamani ya mezani, yenye balbu ya waya, akaichomeka pembeni ya kompyuta.

"Vaa koti. Nenda kwenye gari. Nikigonga kioo mara moja, chomoa. Nikigonga mara mbili, chomeka."

"Kuna baridi ya kuua ng'ombe, Lovisa."

"Wewe si ng'ombe. Nenda."

Akagonga mara moja. Taa ikang'aa zaidi kidogo. Akagonga mara mbili. Taa ikafifia, ikacheza, ikafifia, na kwenye skrini kishale kikasimama. Akarudia mara nne, maana mara moja ni bahati. Kupitia kioo alimwona kaka yake kwenye theluji, kofia imemfunika macho, akiinua waya juu na kuuliza kwa mikono kama sasa ataachwa apumue.

Stefan aliporudi ndani alimkuta dada yake amelala kifudifudi chini ya meza na bisibisi. Alishazima swichi ya chumba kwenye boksi la umeme. Soketi ilipotoka ukutani ilionekana wazi: plastiki imekuwa nyeusi upande mmoja, skrubu imelegea, waya imeungua ncha. Na kutoka kwenye soketi hiyohiyo waya nyingine ilitoboa ukuta kwenda nje. Bergur, Mungu amrehemu, alikuwa ameunganisha soketi ya wageni kutoka hapo ili kuokoa mita kumi za waya. Kila hita ya gari ilipovuta umeme, ilivutia kwenye ile skrubu iliyolegea, na kompyuta ikabaki na makombo. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Kwa hiyo ni gari langu," Stefan alisema.

"Ni soketi."

"Na nani aliyekuwa akinirudisha nje kila siku nikachomeke?"

"Kaka, nyamaza."

"Nataka nisikie tu. Nani?"

"Mimi."

"Sema tena, kwenye kipaza sauti."

Akacheka Lovisa palepale chini ya meza hadi akalia, na akalia hadi Stefan akapiga magoti, kwa goti lake lile bovu, akamshika mguu maana ndicho kiungo alichokifikia.

Fundi umeme wa mji jirani wa Gimli alisema hawezi kufika kabla ya wiki mbili. Haidhuru. Soketi ile ikafungwa kabisa, na kompyuta ikavutiwa umeme kutoka jikoni kwa waya ndefu iliyopita chini ya milango miwili. Kikabaki kipengele cha gari: bila soketi ya nje, na gereji ikiwa ya gari moja tu, gari la Stefan lingegeuka jiwe kwenye ua.

"Basi nitakuja nikae nusu saa tu, niondoke kabla halijaganda," alisema.

"Nusu saa haitoshi. Nitakuja kukuchukua."

"Kilomita kumi na nane? Kila asubuhi? Na kunirudisha?"

"Saa mbili kamili uwe barabarani umevaa. Sipigi honi mara mbili."

Zilibaki siku nane na sentensi mia nne arobaini. Lovisa alipiga hesabu ya koo la kaka yake kama alivyozoea kupiga ya tangi la dizeli, akaona hakuna tone la kumwaga. Ndipo akatoa amri nyingine: ndani ya gari, marufuku kusema. Sauti yote ni ya kipaza sauti.

Siku ya kwanza Stefan aliigiza kwa mikono. Alimwonyesha nyumba ya jirani yao mchoyo kwa kubana ngumi, na mbweha kwa vidole viwili kichwani. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alikaa tu akitazama mashamba meupe, na Lovisa akasikia kilomita kumi na nane za matairi juu ya theluji. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa. Aliuchukia ukimya ule. Aliuchukia kama adui mwenye jina, akapiga moyo konde, akaongeza mwendo.

Kompyuta haikuganda tena. Kulikuwa na siku sauti iligoma ikabidi wasome ishirini tu, na siku nyingine alisoma tisini mfululizo akiwa amefumba ngumi, Lovisa akimwekea maji ya uvuguvugu na asali karibu na mkono. Kila baada ya kumi Lovisa alifunga kikao ili kazi ihifadhiwe, akafungua kingine. Tarehe ishirini na moja, mchana, walifika mwisho. Sentensi ya elfu moja na mia mbili ilisema kwamba mvua ilinyesha lakini mechi iliendelea.

"Ndiyo hiyo?" Stefan alinong'ona. "Neno langu la mwisho duniani ni habari za mechi?"

"Ongeza lako. Sema unachotaka."

Alifikiri. Aliinama kuelekea kipaza sauti, akafungua mdomo, kisha akanyoosha mkono akakizima.

"Nikiyatoa yote leo," alisema, "baadaye nitasema nini?"

Operesheni ilikwenda salama. Lovisa alikaa naye Winnipeg siku kumi na mbili, akisoma maandishi yake ya ovyo kwenye kibao cheupe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa yeye mzungumzaji. Alizungumza sana, mambo ya hovyo, bei ya nyasi kavu, paka wa watu. Februari ikapita. Binti wa hospitali aliandika kwamba faili zote zimepokewa, ni safi, kazi inaendelea. Machi ilipoelekea kwisha barafu ya mto ilianza kulegea, na Stefan akarudi shambani kwake akiwa na tundu shingoni na skafu juu yake.

Siku ya Alhamisi, Lovisa akikanda unga, simu iliita. Akaipokea kwa kiwiko, unga hadi kwenye vifundo.

"Lovisa," ikasema.

Sauti ilikuwa yenye kukwaruza kidogo, na iliyonyooka kupita kawaida, kama mtu anayesoma. Lakini ilikuwa yeye. Kaka yake, akimwita jina lake kutoka kilomita kumi na nane, wakati kaka yake hana tena koo la kumwitia. Lovisa alifungua mdomo kujibu, neno likakataa kutoka. Alijaribu tena. Machozi yalimtiririka yakaingia kwenye unga, naye amesimama tu, simu imebanwa begani, hawezi.

Upande wa pili kukawa kimya kirefu, cha mtu anayetafuta herufi kwa kidole kimoja.

"Lovisa? Mbona kimya? Aliyeondolewa koo ni mimi, si wewe."